Mtoto ana vipele, bibi anasema ni ndui. Ukweli ni upi?

Ilianza na kipele kimoja kifuani, Jumatano jioni wakati namwogesha. Nikadhani mbu. Alhamisi asubuhi vilikuwa vimefika kumi na kitu, vingine vimejaa maji, na mwili wa mtoto ulikuwa wa moto. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa chekechea, nikauliza kama kuna mwingine mwenye tatizo hilo.

Hapo ndipo nilipokosea. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimeshapewa majina matatu. Mmoja alisema ni vipele vya joto, nimpake poda. Mwingine alisema surua. Wa tatu akaandika "mpox hiyo" na kutuma picha ya kutisha ya mtoto ambaye sidhani kama alikuwa anamjua. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Singida, alimfunua mjukuu wake shati, akamtazama kimya, kisha akasema neno ambalo kwetu tunalitumia kama mzaha tu siku hizi.

"Mwanangu, hii isije ikawa ndui."

Haikuwa ndui. Isingeweza kuwa ndui, na nitaeleza kwa nini. Lakini sauti aliyoitumia ilinifanya nikae chini. Mimi nimezaliwa ndui imeshaondoka duniani, wewe unayesoma hapa pengine pia. Tunalijua jina tu. Yeye alikuwa analijua kwa namna nyingine.

Mkono wa bibi

Nilimuuliza, "Mama, wewe uliiona ndui?"

Hakujibu kwanza. Alipandisha mkono wa gauni lake wa kushoto mpaka begani. Pale juu palikuwa na kovu la duara, kubwa kama kifungo cha koti, limebonyea katikati na kingo zake zina mistari kama jua lililochorwa na mtoto. Nimekaa na mama huyu miaka minane na sikuwahi kuliona, au niliona nikadhani ni la ajali.

"Tulipangwa foleni shuleni," akasema. "Wakubwa mbele. Tuliambiwa atakayekikwangua kigaga atarudiwa." Kisha akanieleza habari ya shangazi yake, aliyeugua ndui akiwa msichana na kupona. Uso wote ulichimbika. Watu walimheshimu mbele yake, nyuma ya mgongo walimwita kwa jina la ugonjwa. Aliolewa akiwa mtu mzima sana, akawa mke wa tatu. Na kila palipokuwa na mgonjwa wa ndui kijijini, ndiye aliyeitwa kwenda kumpikia na kumwosha, kwa sababu yeye alikuwa hawezi kuupata tena.

Hilo la mwisho si hadithi ya kijijini tu. Ni elimu. Wazee wetu hawakuwa na hadubini ya kuona kirusi, lakini walikuwa wameshajua mambo mawili ambayo sayansi imeyathibitisha: aliyeugua ndui akapona haiugui tena, na mgonjwa akitengwa na watu ugonjwa unakosa pa kwenda. Ndiyo maana katika jamii nyingi mgonjwa alijengewa kibanda chake kando, akahudumiwa na mwenye makovu.

Ndui ilikuwa nini hasa

Ndui ilisababishwa na kirusi. Mtu akishakipata, alikaa siku kama 10 mpaka 14 bila kuona chochote, anafanya kazi zake kama kawaida na bado haambukizi. Kisha homa kali ikampiga ghafla, na kichwa, mgongo na kutapika. Siku mbili hadi nne baadaye vidonda vidogo vilitokea mdomoni na kooni, halafu vipele usoni, mikononi na miguuni, hadi kwenye viganja na nyayo. Vipele hivyo vilikuwa vigumu, vimezama ndani ya ngozi. Ukivigusa ni kama punje za kunde zilizofukiwa. Vilijaa usaha, vikakauka, vikawa vigaga, na vigaga vilipoanguka baada ya wiki tatu au nne viliacha mashimo.

Katika aina kali ya ndui, kati ya kila wagonjwa kumi, watatu walikufa. Wengine walipona wakiwa vipofu. Kulikuwa pia na aina nyepesi, iliyoua takriban mmoja kati ya mia, na ndiyo iliyobaki mwishoni huku upande wa Pembe ya Afrika. Inakadiriwa kwamba katika karne ya 20 peke yake ndui iliua watu milioni 300. Huku kwetu miaka ya 1890 ilikuwa mibaya kupita kiasi: sotoka iliangamiza ng'ombe, njaa ikafuata, na ndui ikawakuta watu wakiwa hawana nguvu. Wamasai waliumizwa sana, na njaa ya mwaka 1898 hadi 1900 katikati ya Kenya nayo ilikuja na ndui.

Iliambukizwaje? Zaidi kwa watu kukaa karibu karibu, uso kwa uso, mgonjwa anapokohoa au kuzungumza. Matone ya mate na kamasi yalibeba kirusi. Shuka, kanga na blanketi za mgonjwa nazo zilikuwa hatari kwa sababu ya usaha na vigaga. Ndiyo maana aliyekuwa anaupata mara nyingi ni yule wa nyumba moja: mama anayenyonyesha, ndugu wanaolala kitanda kimoja, jirani aliyekuja kumjulia hali mgonjwa na kukaa naye.

Sasa angalia udhaifu wake. Haikukaa kwa mnyama yeyote. Malaria ina mbu, kichaa cha mbwa kina mbwa, lakini ndui ilihitaji binadamu, tena binadamu mgonjwa, tena mgonjwa ambaye ugonjwa wake unaonekana usoni. Hakukuwa na mtu aliyeitembeza miaka bila dalili. Ukimjua kila mgonjwa, umeijua ndui yote iliyopo duniani.

Neno "chanjo" linatoka wapi

Kuchanja ni kukata. Tunachanja kuni, tunachanja chale. Neno letu la chanjo limebaki na kumbukumbu ya jinsi kazi hiyo ilivyofanyika zamani: ngozi inakwaruzwa au kukatwa kidogo, dawa inaingizwa.

Na wazo lenyewe lina mkono wa Waafrika. Mwaka 1721 ndui ilipoingia Boston, Marekani, mchungaji Cotton Mather aliwaambia madaktari wa mji jambo alilolijua kutoka kwa mtu aliyekuwa mtumwa nyumbani kwake, aliyeitwa Onesimus. Mather alikuwa amemuuliza kama aliwahi kuugua ndui. Onesimus alimweleza kwamba kwao Afrika alikatwa ngozi na kutiwa kidogo cha usaha wa mgonjwa, akaugua kidogo tu, na tangu hapo hakuugua tena. Madaktari karibu wote walikataa, na wengine walidhihaki kwamba elimu inatoka kwa mtumwa. Daktari mmoja, Zabdiel Boylston, alikubali na kuanza na mtoto wake mwenyewe. Aliwakata hivyo watu wapatao 240. Walikufa sita. Miongoni mwa wale walioupata ugonjwa kwa njia ya kawaida mjini humo, alikufa kama mmoja kati ya kila saba.

Njia hiyo ilikuwa na hatari yake, maana ulikuwa unampa mtu ndui yenyewe. Mwaka 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner alitumia kitu salama zaidi. Wakamuaji wa ng'ombe walikuwa wanajua kwamba aliyepata ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi wa malengelenge mikononi, haiugui ndui ya watu. Mei 14 Jenner alichukua majimaji kwenye mkono wa mkamuaji aliyeitwa Sarah Nelmes akamchanja mtoto wa miaka minane, James Phipps. Baadaye alimpa mtoto huyo ndui kusudi, aone. Hakuugua. Kama mama, sehemu hiyo ya "aone" hainipiti kooni kirahisi. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeiruhusu. Lakini kila chanjo ambayo mwanangu na wako wamechomwa inatokana na siku ile.

Jinsi walivyoizungushia uzio

Watu wengi wanadhani ndui iliisha kwa sababu kila mtu duniani alichanjwa. Sivyo. Zingehitajika dozi nyingi mno, na kuna wahamaji, wakimbizi, na watoto wanaozaliwa kila siku.

Shirika la Afya Duniani lilianza mpango wake mkubwa mwaka 1967, wakati nchi 31 bado zilikuwa na ndui ya kudumu na wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 10 hadi 15 kwa mwaka. Muda mfupi kabla ya hapo, Desemba 1966, daktari William Foege alikuwa mashariki mwa Nigeria akapata habari ya mgonjwa, huku chanjo aliyokuwa nayo haitoshi kuwachanja wote wa eneo lile. Akatumia redio za simu za wamisionari kuuliza kila kituo kama kuna wengine. Palipopatikana wagonjwa walikwenda, wakawachanja watu wa nyumba zao, majirani zao na wale waliokutana nao sokoni. Ndui ikafika kwenye ule mduara ikakosa mtu wa kumwingia. Foege aliwahi kufanya kazi ya kuzima moto wa msituni ujanani mwake, na hesabu ilikuwa ile ile: fyeka nyasi kuuzunguka moto, utakufa wenyewe.

Kilichosaidia kingine ni chanjo iliyokaushwa, isiyoharibika haraka kwa joto, na sindano ndogo yenye ncha mbili kama uma. Unaichovya kwenye dawa, tone linanasa katikati ya ncha, unadonoa ngozi mara 15 mahali pamoja. Mtu wa kijijini aliweza kufundishwa kuitumia kwa dakika chache. Lile jua kwenye bega la mama mkwe lilitokana na kidonda kidogo cha chanjo kilichojaa usaha, kikakauka, kikaanguka. Aliyekuwa na kovu hilo alihesabika amekingwa, na wachanjaji walikuwa wakiangalia mikono ya watu kama tunavyoangalia tiketi.

(Usilichanganye na kovu la BCG la mwanao. Hilo ni la chanjo ya kifua kikuu, ni dogo zaidi, na Tanzania linakaa bega la kulia.)

Mpishi wa Merca

Sasa nikupeleke Somalia, kwenye mji wa Merca pwani ya Bahari ya Hindi, Oktoba 1977. Naomba usome sehemu hii polepole.

Ndui kali ilikuwa imeshakwisha Asia miaka miwili nyuma. Mgonjwa wake wa mwisho alikuwa Rahima Banu, mtoto wa miaka mitatu wa Bangladesh, na alipona. Iliyobaki duniani ilikuwa ile nyepesi, kwenye kambi za wafugaji wahamaji wa Somalia. Mwaka huo pekee Somalia iliandikisha wagonjwa zaidi ya 3,000.

Tarehe 12 Oktoba gari lilifika hospitali ya Merca likiwa na watoto wawili wenye ndui, likiwapeleka kwenye kambi ya kuwatenga wagonjwa. Dereva hakujua njia. Mpishi wa hospitali, kijana wa miaka 23 aliyeitwa Ali Maow Maalin, akapanda akamwelekeze. Safari yenyewe haikuzidi dakika 15. Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka sita, alifariki siku mbili baadaye.

Maalin alifanya kazi hospitalini. Zaidi ya hapo, aliwahi kufanya kazi ya muda kwenye kampeni yenyewe ya kuchanja ndui. Kama kuna mtu aliyekuwa karibu na chanjo, ni yeye. Na hakuwa amechanjwa. Miaka mingi baadaye alieleza sababu bila kuficha: aliona sindano inauma, akaogopa.

Siku kumi baadaye alipata homa. Akatibiwa malaria, kama ambavyo sisi wote tungedhani. Tarehe 26 vipele vikatokea, wakasema ni tetekuwanga, akarudishwa nyumbani. Alikuwa kijana wa watu, marafiki walimiminika kumjulia hali. Tarehe 30 mfanyakazi mwenzake wa hospitali akatoa taarifa, na wataalamu walipomtazama wakajua ni nini.

Fikiria hofu ya siku ile. Dunia nzima ilikuwa inakaribia kufunga daftari, na huyu hapa mgonjwa aliyekutana na watu katikati ya mji. Walitafuta kila aliyekuwa karibu naye, wakapata watu 161, na 12 kati yao hawakuwa wamechanjwa. Hospitali ikaacha kupokea wagonjwa wapya. Njia za kuingia na kutoka mjini zikawekewa walinzi. Wakapita nyumba kwa nyumba, na katika muda wa wiki mbili walichanja watu 54,777. Mpishi mmoja, watu elfu hamsini na nne na ushei.

Hakumwambukiza mtu hata mmoja. Akapona. Ndiye binadamu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida. Oktoba 26, 1979, miaka miwili kamili baada ya vipele vyake kutokea, ilitangazwa jijini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika haina tena ndui, na Mei 8, 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukatangaza kwamba dunia nzima imeachana nayo.

Ukweli ni kwamba kulikuwa na ajali moja baadaye. Mwaka 1978 mpiga picha wa chuo cha udaktari cha Birmingham, Uingereza, Janet Parker, aliugua akafariki. Jengo alilofanyia kazi lilikuwa na maabara iliyokuwa ikifanya utafiti wa kirusi hicho. Baada ya hapo nchi zilikubaliana kuteketeza au kukabidhi akiba zao, na leo kirusi kinajulikana kuwepo sehemu mbili tu, maabara moja Marekani na nyingine Urusi. Ndiyo maana nilisema kipele cha mwanangu kisingeweza kuwa ndui.

Maalin naye hakukaa kimya. Aliingia kwenye kampeni ya polio Somalia, akawa anapita kwa wazazi waliokataa chanjo na kuwasimulia habari yake mwenyewe, ya mtu aliyeogopa kuumia kidogo. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 alirudi kazini. Alifariki Julai mwaka huo akiwa kwenye kampeni hiyo, kwa malaria.

Basi vipele hivi ni vya nini?

Tulikwenda kituo cha afya. Daktari, kijana mdogo mwenye subira, alimgeuza mtoto mgongo na tumbo, akatazama viganja na nyayo, akabonyeza chini ya taya. "Tetekuwanga," akasema. Nikamuuliza amejuaje haraka hivyo, naye akanionyesha.

Tetekuwanga huanza zaidi kifuani, tumboni na mgongoni, kisha kusambaa. Hutoka kwa awamu, hivyo mahali pamoja utaona kipele chekundu, lengelenge la maji na kigaga kilichokauka, vyote kwa wakati mmoja. Malengelenge yake ni mepesi, juu juu ya ngozi, na yanawasha. Ndui ilikuwa kinyume: usoni, mikononi na miguuni zaidi, na vipele vya sehemu moja vyote vina umri mmoja, kama vimepandwa siku moja. Huko Merca tofauti hii ndiyo iliyowapita watu siku nne nzima.

Surua haina malengelenge. Ni vipele vyekundu bapa vinavyoanzia usoni na nyuma ya masikio, pamoja na homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu.

Mpox ndiyo inayoleta hofu sasa, na hofu hiyo ina msingi. Ni ndugu wa ndui katika ukoo wa virusi, ila yenyewe inakaa pia kwa wanyama, na inaua wachache zaidi. Iligunduliwa kwa binadamu mwaka 1970, kwa mtoto wa miezi tisa nchini Kongo, wakati watu wakitafuta ndui. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Julai 2024 na Tanzania ikathibitisha wa kwanza Machi 2025. Dalili inayoitofautisha mara nyingi ni tezi kuvimba, shingoni, kwapani au kwenye kinena. Vipele vyake ni vigumu, vinauma, na vinaweza kutokea viganjani, kwenye nyayo na sehemu za siri. Huambukiza kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kujamiiana, na kutumia shuka au taulo za mgonjwa. Chanjo ya ndui ilikuwa inakinga pia dhidi yake kwa kiasi kikubwa, na hilo ni sababu moja ya ugonjwa huu kupata nafasi: wenye lile kovu wanazeeka, na sisi wengine hatunalo. Mama mkwe, kumbe, alikuwa amekingwa kuliko sisi wote tuliokuwa tunahofia kumkaribia mtoto.

Kwa picha ya simu hutaweza kutofautisha. Hata daktari wakati mwingine huhitaji kipimo. Mtoto mwenye homa na vipele usivyovijua apelekwe kituo cha afya, na uwaambie mapokezi mapema ili asikae kwenye benchi katikati ya watoto wengine.

Kwa tetekuwanga ya kawaida, daktari alituambia tumkate kucha, tumpake kalamine, tumpe maji ya kutosha na parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini asipewe kabisa. Kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuleta madhara mabaya kwenye ini na ubongo. Abaki nyumbani mpaka malengelenge yote yakauke, na akae mbali na mjamzito ambaye hajawahi kuugua, na watoto wachanga. Tuwahi kurudi kama atapumua kwa shida, atalegea, atashindwa kunywa, atapata degedege, au ngozi itavimba na kuwa nyekundu yenye moto. Hapakuwa na dawa ya kienyeji ya kuogea kwenye orodha hiyo, na mama mkwe aliuliza.

Kile kisanduku kilichokuwa wazi

Wakati tunasubiri parasetamoli, nesi aliomba kadi ya kliniki. Nilimpa kwa kujiamini. Mimi ni mama wa kadi. Ninayo kwenye mfuko wa plastiki. Akapitisha kidole: BCG na polio alipozaliwa, zile za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, surua na rubela miezi tisa. Kidole kikasimama.

"Mama, ya miezi kumi na minane iko wapi?"

Mtoto wangu ana miaka mitatu. Ile ya miezi tisa ilimletea homa, akalia usiku kucha, nami nikalia naye. Ilipofika ya pili nilikuwa na safari, kisha wiki iliyofuata foleni ilikuwa ndefu, kisha nikasema nitampeleka. Mwaka ukapita, na nusu nyingine. Sikuwahi kuikataa chanjo. Ningekutana na mtu anayeikataa ningembishia. Niliiahirisha tu, na ndani kabisa sababu ilikuwa ile ya mpishi wa Merca, ila mimi nilikuwa naogopa kwa niaba ya mkono wa mtu mwingine.

Surua ni mwepesi kusambaa kuliko hata ndui ilivyokuwa. Mgonjwa mmoja akiingia chumba chenye watu kumi wasio na kinga, tisa huweza kuondoka nayo. Dozi ya kwanza haitoshi kwa kila mtoto. Ya pili ipo kwa ajili ya wale ambao ya kwanza haikuwashika, na huwezi kumjua ni yupi kwa kumtazama.

Nesi hakunigombeza. Alisema, "Akipona kabisa, mlete. Hajachelewa."

Tulimpeleka baada ya wiki tatu. Mama mkwe alikuwa ameahirisha safari ya Singida kwa ajili hiyo, akasisitiza kumpakata mwenyewe. Mtoto alipoona sindano akaanza kujinyonganyonga. Bibi yake akapandisha mkono wa gauni, akamshikisha kidole kwenye lile kovu.

"Iliuma?" mtoto akauliza, akisahau kulia kidogo.

"Iliuma," bibi akasema. "Mimi nililia na ngumi nikampiga mchanjaji."

Nesi alikuwa ameshamaliza. Akachukua kalamu akaandika tarehe kwenye kisanduku, na mtoto akatukumbusha kwamba alikuwa ameahidiwa juisi.